Tulivyokandika Utumbo kwa Ugali

Mgeni rasmi, Daktari Jerono, msimamizi wa zahanati zetu uliyetoka Kitale asubuhi hii. Nesi wetu Emmy. Wazee wetu na akina mama:

KARIBU TONGAREN
Sisi wanakikundi wenye kisukari na vitambi tunafurahi kukuona, ingawa tumesikia umekuja kumhamisha Emmy kwa sababu sukari yetu ilipanda. Tunaomba kwanza usikie kisa cha mwenyekiti wetu, Mzee Mukhisa. Mwenyewe ameruhusu, ila amekataa kutazama huku.

TULIKOANZIA
Mwezi wa Machi Emmy alitufundisha kwamba unene na vyakula vya mafuta huenda vikalegeza ukuta wa utumbo. Takataka za vijidudu hupenya hadi kwenye damu, mwili unawaka ndani kwa ndani, na insulini ikibisha hodi, seli hazifungui. Akaongeza kwamba wataalamu bado wanachunguza. Mzee Mukhisa, aliyekandika nusu ya nyumba za hapa, hakuona la kuchunguza.

"Ukuta ukivuja si unakandikwa?" alituuliza tulipotoka nje. "Tena kwa udongo mzito, bana."

CHANGAMOTO
Basi tukakandika. Ugali mgumu, asubuhi na jioni, miezi mitatu. Mzee alipita nyumba kwa nyumba akiubonyeza kwa kidole kuona kama umeshika. Mshipi wake mwenyewe ukaishiwa matundu.

Siku ya kupimwa, Emmy alitazama kipimo, akapima tena.

"Mzee, kwani umekuwa ukikula nini?"

"Mafundisho yako," akajibu Mzee, akijivunia.

MAFANIKIO
Emmy hakumcheka. Alienda kwake, akala naye maharagwe na mboga ya mrenda, na tangu hapo kila Jumamosi humtembeza hadi sokoni na kurudi. Mshipi umerudi tundu la tatu. Habari za uhamisho zilipofika, Mzee alisukuma sahani kando. Mkewe, Mama Nekesa, alidhani ni lishe bora, kumbe alikuwa analia.

OMBI
Emmy hakukosea, tulikosea sisi. Tunampenda, na akiondoka tunaziogopa akili zetu wenyewe. Tuachie yeye.

Mungu akulinde njiani na akupe moyo mwepesi. Chakula kiko tayari. Ugali wako ni wa ukubwa wa ngumi, Emmy ameupima. Ukiondoka naye, ziara ijayo atakayekupakulia ni Mzee Mukhisa.

Ni sisi,
Kikundi cha Kaza Mshipi, Tongaren.
Imesomwa na Phelista, katibu.