Nilivyoitikia kwa Kichwa

Kaeni vizuri, mama zangu, maana aibu hii nikiianza naimaliza leo leo. Na wewe uliyejificha nyuma ya nguzo, sogea. Mwenzio nilishajificha vya kutosha.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, kule upande wa Pito, redio nilikuwa nayo mimi. Jioni wenzangu walikuja kwangu kusikiliza taarifa ya habari. Nikaona wananimalizia betri. Nikaenda mjini, nikanunua waya mwembamba wenye kidude cha kuchomeka sikioni, na tangu siku hiyo habari nikazila peke yangu. Watu wananitazama mdomo kama vifaranga, mimi nimekunja uso. Kisha nawagawia kineno kimoja: "Mambo ni mazito." Ndugu zangu, nawaambia, hakukuwa na uzito wowote. Mara nyingi ulikuwa muziki tu! Jinga zima, mimi huyu.

Wenzangu wakiinua matuta shamba la kijiji, mimi niko kivulini, eti nasikiliza maagizo. Nikajifunza na ufundi wa watu wa vidude: ukisemeshwa, itikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, ili mtu aondoke. Mnacheka? Humu ndani wapo wanaoujua sana ufundi huo.

Asubuhi moja akaja shemeji, kaka wa mke wangu, amepanda mlima kwa miguu kutoka kwao Muze, kule bondeni. Mke wangu alikuwa shambani. Shemeji akachutama, akapiga makofi ya kusalimia kama desturi yetu, akasema. Nikaona midomo inacheza. Sikioni mwangu kuna dansi. Nikaitikia kwa kichwa. Akanishika mkono, akarudia. Nikaitikia tena. Akaridhika, akageuka kurudi upesi. Hata maji sikumpa.

Wiki haikuisha, mke wangu akarudi kutoka kisimani analia. Mwanamke mmoja aliyetoka bondeni kampa pole ya msiba. Baba yake alikuwa ameshazikwa.

"Kaka yangu alikuja hapa?"

Nami, Mungu anisamehe, kidude kikiwa sikioni, nikaitikia kwa kichwa bila kusikia alichouliza. Akakichomoa kwa mkono wake, akakitupa jikoni kwenye majivu. Akafunga nguo zake, akashuka Muze.

Nilimfuata kesho yake. Hakuna aliyenifukuza; wangenifukuza ingekuwa nafuu. Mama mkwe aliagiza nipewe kigoda mlangoni. Kila aliyekuja kuhani, mama alimsimulia upya, na mimi nasikia. Kwamba mzee alipozidiwa alimwita binti yake. Kwamba shemeji alirudi akisema, "Nimemwambia mumewe, amekubali, wanakuja." Kwamba mzee alikataa kulala, akataka aegemezwe ukutani aitazame njia. "Hawajafika?" Siku mbili aliuliza hivyo, mpaka sauti ikakata.

Na ndugu wote walimgeukia shemeji: hukufika kule, umetudanganya!

Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Nilipiga magoti mbele za watu, nikasema: alifika, akaniambia mara mbili, mimi ndiye sikusikia, nikajifanya nimesikia. Shemeji akalia kwa sauti, mtu mzima yule. Alikuwa ameanza kuamini kwamba yeye ndiye hakueleza vizuri.

Huyo huyo ndiye aliyenipeleka kwa wazee kuniombea msamaha, na mimi nilistahili bakora. Asante, shemeji. Asanteni, mama zangu, mliovuna ulezi wangu mwezi mzima niliokaa Muze nikiwachotea wakwe zangu maji. Asante kwa mama mkwe, aliyenilazimisha kusikiliza.

Ninachowaachia ni hiki: hukusikia, sema hukusikia. Haikuui. Nawaona pale stendi mjini, watu na akili zao, kidude sikioni, uso wa waziri. Waziri wa nini? Ptu! Kama watu wanakuchosha, nenda porini ukakae na nyani.

Mke wangu alirudi, yule pale kwenye mkeka. Amenisamehe, na alisema mwenyewe. Lakini mpaka leo, akiwa na neno la maana, hunishika kwanza kidevu, akanigeuza uso kama mtoto, ndipo anasema. Sijamwambia aache.