Lempi Tiihonen na Kibanda cha Haukilampi

Mchungaji, ndugu na majirani wa Lehtovaara, mimi ni Tuulikki, binti mkubwa wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya mama yetu.

Lempi Orvokki Tiihonen alizaliwa tarehe 4 Machi 1941 hapa Lehtovaara, mtoto wa tano wa mkata magogo, akasoma shule ya kijiji kuanzia 1948 hadi 1954, na mwaka 1960 akarudi shuleni hapo kama mpishi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2001, na wengi mlioko hapa mmekula uji wake wa shayiri na kukaripiwa kwa kuubakiza.

Tarehe 22 Juni 1963 alifunga ndoa na baba yetu, Eino, wakanipata mimi mwaka 1964 na Juhani mwaka 1967. Tarehe 30 Novemba 1973 baba alikuwa akivua katika ziwa Haukilampi, barafu ikavunjika, akajitoa majini mwenyewe, lakini upande ule haukuwa na nyumba wala kuni kavu, na baridi ikamuua njiani.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, mama alimwendea Onni Karvinen, kapera mwenye ufukwe ule, akamwomba mahali pa kujenga laavu, kibanda cha magogo kilicho wazi upande wa ziwa, ambamo mpita njia yeyote angepumzika na kuwasha moto bure.

"Watajaza takataka, Lempi," Onni alisema, "halafu watanichomea msitu."

"Takataka nitaokota mimi. Mtu akiganda ufukweni kwako, utamwokota wewe?"

Onni alifunga mlango, lakini wiki iliyofuata alikuja na farasi akiburuta magogo ya misonobari, akasema tu kwamba yale aliyochagua mama yangeoza. Waligombana juu ya paa la kibanda kiangazi kizima, na ni juu ya paa hilo nilikomsikia mama akicheka kwa mara ya kwanza tangu baba afariki. Walioana tarehe 8 Oktoba 1977, na mdogo wetu Saima akazaliwa mwaka 1979.

Mwezi Februari 1988 mwanafunzi mmoja mgeni alitumbukia ziwani, akakuta kibandani kuni zilizopasuliwa na viberiti ndani ya kopo, akajikausha, kisha akatufikia nyumbani akiuliza mwenye kibanda ni nani.

"Hakina mwenyewe," mama alimjibu. "Umekula?"

Alimpa supu ya samaki, akatoka kwenda banda la kuni, akakaa huko muda mrefu, na mzee Onni akatukataza tusimfuate. Mgeni yule yuko nasi leo, ameketi karibu na dirisha.

Onni alitangulia mwaka 2011. Mama alianza kuugua moyo mwaka 2022, na Januari mwaka huu wa 2024, miguu ikiwa imekwisha nguvu, Juhani alimvuta kwa sleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, hadi kibandani, wakawakuta kijana na mkewe, wasiomjua, wakichoma soseji.

"Sogea motoni, bibi, nafasi ipo," yule mke alisema.

Mama akawashukuru, akasogea, akala soseji yao, wala hakuwaambia ni nani aliyekijenga kibanda. Alifariki tarehe 11 Februari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotuletea chakula na kuondoa theluji mlangoni, pamoja na wapishi wenzake wa shule waliooka mikate ya leo.

Mama, umewatunza wengi, sasa pumzika kwa amani.