Afande Magbanua, Aliyejifunza Kusimama

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuwaamsha watu wazima kabla ya jogoo, Sajinimeja Teodulo Magbanua anastaafu tarehe 30 Septemba. Majirani wa kambi yetu hapa Tarlac wameipokea habari hii kwa furaha ambayo hawajajaribu kuificha.

Alikuwa mwalimu wa mazoezi mwenye msimamo mmoja: haamuru zoezi asilolifanya mwenyewe. Ukipiga pushapu hamsini, yeye kapiga sitini. Tukitapika kilimani, yeye anaimba. Tulimpenda, ila magoti yetu yalimchukia. Kila kozi ilipeleka watu zahanati, naye aliamini jeshi ndivyo lilivyo.

Miaka minane iliyopita likaja agizo: mwalimu asiye na cheti cha ukufunzi wa nguvu na utimamu wa mwili aondoke uwanjani, akatunze mablanketi ghalani. Afande alikuwa na miaka arobaini na minane, na uwanja ndio maisha aliyoyajua. Akaogopa, akaanza kusoma. Nyumbani hakuna mtoto aliyeruhusiwa kugusa paja la kuku kwenye mchuzi wa adobo kabla baba hajataja kila msuli uliomo. Mkewe, Bi Rosenda, alivumilia miezi minne.

“Baba Ligaya, kuku keshakufa, msuli haumsaidii tena. Kula, wali unapoa!”

Nadharia alifaulu. Vitendo vilimwangusha, na mimi ni shahidi, kwani ndiye niliyekuwa na chuma mabegani. Kazi yake ilikuwa kunitazama nikichuchumaa na kunirekebisha. Yeye akanyakua chuma kingine, akasimama kando yangu, macho mbele, akachuchumaa nami huku akihesabu kwa sauti ya kutikisa mabati. Magoti yangu yakaingia ndani. Hakuona.

“Umechuchumaa vizuri sana,” mtahini, kapteni mmoja mpole, alimwambia. “Sasa niambie, goti la huyu koplo lilielekea wapi?”

“Sijui, afande.”

“Basi umefeli.”

Ilibaki nafasi moja tu. Kwa wiki sita nilichuchumaa mbele yake, naye amesimama, mikono nyuma, akitokwa jasho kuliko mimi.

“Nenita, naona aibu,” alilalamika. “Wewe unaumia, mimi nimesimama kama bwana harusi!”

“Simama hivyohivyo, afande. Ukienda ghalani, nani atatupigia kelele?”

Siku ya marudio alisimama. Nilipochuchumaa mara ya tatu akasema taratibu, “Weka chini.” Alikuwa ameliona goti langu la kushoto likianza kuyumba kabla sijasikia maumivu. Cheti akapata. Goti hilo ninalo hadi leo, zima kabisa, na nimeandika haya hasa kwa ajili yake.

Tangu siku hiyo hajakimbia nasi hata mara moja. Husimama pembeni na kutazama miguu yetu, na mhudumu wa zahanati sasa ana muda wa kusoma magazeti. Wenzake humwita mvivu mwenye cheti. Mimi nimeiona miguu yake ikipigapiga chini tunapompita.

Desturi yetu ni kukimbia pamoja na mstaafu asubuhi ya mwisho, kisha mikate ya pandesal na kahawa. Afande, asante kwa miaka yote uliyotutazama. Tunakuombea afya, usingizi mrefu, na kuku anayeliwa akiwa moto. Lakini asubuhi hiyo filimbi iache nyumbani. Magoti yetu tutayaangalia wenyewe. Wewe njoo ukimbie.

Sajini Nenita Baluyot