Mama Masizi na Kibatari Chake

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, kengele ya saa kumi ikilia, mkaguzi mkuu wa kiwanda chetu cha bunduki za marisau, zile za kuwindia ndege, atavua aproni yake kwa mara ya mwisho. Ametimiza miaka thelathini na minne kazini. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja, na hilo tunalisema kwa masikitiko, maana sisi wengine tulitamani achelewe walau mara moja tupumue.

Alianza kwa kupiga msasa vitako vya mbao, akapanda hadi kufunga mitutu, kisha akakalishwa kwenye meza ya mwisho, pale ambapo bunduki hupigwa mhuri au hurudishwa ilikotoka. Mbinu yake haikubadilika. Anawasha kibatari, anapitisha kiungo cha bunduki juu ya moshi mpaka kiwe cheusi tii, anaikunja, anaikunjua, anatazama. Masizi yakifutika sawasawa pande zote, basi chuma kimeshikana na chuma. Likibaki doa hata la punje ya mtama, mhuri hupati, ulie usilie. Ndipo lilipotoka jina la Mama Masizi. Vidole vyake vimeacha alama kwenye daftari zetu, kwenye vikombe vyetu na, Mungu amsamehe, kwenye gauni la harusi la bintiye.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mumewe, mstahimilivu kuliko sote, anasimulia kwamba walirudisha friji tatu dukani kwa sababu Mama hakuupenda mlio wa mlango. Ya nne mwenye duka aliileta mwenyewe, akaomba yaishe.

Miaka saba iliyopita alikuja Mkurugenzi mpya na mambo mapya. Chuma cha kufuliwa kikaonekana anasa. Viungo vikaanza kumiminwa kwenye kalibu kama sabuni. Mbao zilizokaushwa miaka mitatu zikapisha mbao laini zilizopakwa rangi ya kuzizeesha. Bunduki hiyo ikaitwa Fahari. Mama akaikataa. Ofisi ya mauzo ikanunua bunduki za viwanda vingine vitatu, ili kumwonyesha kwamba siku hizi kila mtu anatengeneza hivyo. Akashukuru, akawasha kibatari, akazikataa na hizo pia, kila moja na fomu yake.

Hapo ndipo mambo yalipochacha. Ikaja barua ya onyo, kisha ya pili. Ya tatu ingemfukuzisha kazi. Tulimsihi apige mhuri tu, kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Akatujibu kwamba mkono wa kubusu anao mmoja tu, wa mumewe, na unamtosha.

Wiki hiyohiyo Mkurugenzi alipanga kwenda kuwinda kanga. Dereva wake akaja stoo kwa kunyata, katumwa achukue bunduki moja ya zamani, ya chuma cha kufuliwa. Sasa, stoo haitoi kitu bila fomu ya mkaguzi, na fomu ina mstari wa sababu. Dereva, mtu mkweli maskini, alipoulizwa akasema bosi haiamini ile mpya. Mama akaandika hivyohivyo, neno kwa neno, akapiga mhuri, na nakala akaibandika kwenye ubao wa matangazo kama taratibu za stoo zinavyoagiza. Barua ya tatu haikuja. Fahari ikasitishwa. Mkurugenzi alirudi na kanga wanne, na mwezi mzima akawa anaingilia mlango wa nyuma.

Sasa Mama anaondoka, na Fahari imerudi. Bunduki mia moja na ishirini zimeletwa karibu na meza yake, zimefunikwa turubai, zinamsubiri mkaguzi mpya aanze Jumatatu. Mkaguzi huyo ni mimi ninayeandika haya: nina watoto watatu shuleni, na uoga wangu mnaujua. Nilimwuliza Mama nifanyeje. Akasema: “Bunduki inawekwa shavuni, mwanangu. Ikipasuka, inapasukia uso wa mtu aliyetuamini.” Akaendelea na kazi yake.

Mama, asante kwa kutuudhi miaka yote hiyo. Tutakukumbuka, tena kwa upendo, hata wale uliowarudishia kazi mara tano. Kalale mpaka ushibe usingizi, ucheze na wajukuu, na Mwenyezi Mungu akujalie afya na siku nyingi za raha.

Na kwa wakubwa wa ghorofa ya juu mtakaolisoma jarida hili: sikungoja Jumatatu. Wiki mbili hizi, kila mlipokwenda kula mchana, mimi nilikuwa nafunua turubai. Nimekagua bunduki mia moja na ishirini. Nimezirudisha mia moja na ishirini. Fomu ziko mezani kwa Mkurugenzi, na kila moja ina sahihi yangu.