Dzingai Murambwi, Mtani wa Mazishi wa Nyumba ya Chivasa

Ndugu waombolezaji, mchungaji wetu, majirani na wote mliofika hapa Shurugwi leo Ijumaa tarehe 6 Septemba 2024, mimi ni Shuvai, mtoto wa pili wa marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu. Baba mdogo Gwinyai ameniomba niruke mambo ya mwaka 1987, nami nimemjibu kwamba nikiyaruka nitakuwa nimesoma historia ya mtu mwingine.

Mzee Dzingai Murambwi alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Chirumanzu, akiwa wa tatu kati ya watoto saba, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita mwaka 1961, akachunga ng'ombe wa mjomba wake kwa muda, na mwaka 1967 akaajiriwa na halmashauri ya mji huu kuwa fundi bomba, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2006, na nusu ya mabomba yanayovuja mjini, kama alivyopenda kusema mwenyewe, aliyafunga yeye.

Tarehe 21 Agosti 1971 alifunga ndoa na mama yetu, Ratidzo, wakajaliwa watoto watano, wawili kati yao wakatangulia, nasi watatu tuliobaki tumemzalia wajukuu kumi na mmoja, ambao wote aliwapa majina ya utani kabla wazazi hawajamaliza kuchagua majina yao.

Tangu enzi za babu, nyumba yetu na nyumba ya Chivasa ni watani wa mazishi, wao wanatucheka tukifiwa na sisi tunawacheka wakifiwa, na mtu wa nyumba hizi asiyechekwa na mtani wake husemwa kwamba kazikwa mkavu. Baba aliirithi kazi hiyo mwaka 1974, na aliifanya vizuri kiasi kwamba watu wasiohusika walikuwa wakitembea mbali kuja kumsikiliza.

Tarehe 9 Juni 1987 njia moja ya chini katika mgodi wa hapa iliporomoka, ikaua wanaume ishirini na wawili wa zamu ya asubuhi, na mmoja wao alikuwa Tafara Chivasa, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, kijana aliyejulikana mgodi mzima kwa kuchelewa, ambaye kila siku alishuka na lifti ya pili, na siku hiyo akashuka na ya kwanza. Wazee wa kanisa walisema msiba wa namna hiyo hauna utani, utani ni wa mzee aliyekufa kitandani ameshiba miaka, lakini wachimbaji wenzake Tafara, ambao walikuwa wameanza kutaniana juu ya lifti zile kabla hata maiti hazijatolewa zote, walimfuata baba wakamwambia, "Mzee, usipomcheka Tafara, sisi kesho hatushuki."

Basi baba alivaa kofia ya mgodi ya Tafara na mabuti yake, akaenda kaburini akikokota miguu kama alivyokuwa akiikokota Tafara, akagonga jeneza akasema, "Wewe Tafara! Miaka yote wasimamizi wamekupigia kelele mpaka makoo yamewakauka, leo ndiyo umeona uwahi? Hebu sema, nani kakuamsha?" Watu walicheka, mchungaji naye akacheka, hata baadhi ya wajane wa siku ile walicheka huku wakilia, na katikati ya kicheko hicho mama yake Tafara, Bibi Muchaneta, akasimama akasema, "Mimi. Nilimmwagia maji." Kisha akaivua ile kofia kichwani mwa baba na kumwambia asikanyage tena kwake, hata kwenye mazishi yake yeye.

Baba alitii. Walipofiwa Wachivasa alisimama nje ya lango, kofia mkononi, mpaka watu wanatawanyika. Nimesikia wengi wakibishana kama alikosea, na hata humu ndani wapo, lakini yeye alituambia jambo moja tu, "Utani ule ulikuwa wa haki kwa Tafara. Nilimtazama Tafara, sikumtazama mama yake." Iliniuma kumwona pale langoni, na bado inaniuma.

Mwaka 2009 aligunduliwa kuwa na kisukari, mwaka 2022 akapooza upande wa kushoto, na alipozidiwa mwezi wa saba mwaka huu hakuomba kitu kingine ila tumwite Bibi Muchaneta aje kumcheka, nasi tulipotuma ujumbe jibu lilikuja, "Mwambieni utani umeniisha." Alifariki Jumanne tarehe 3 Septemba alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, akijua kwamba atazikwa mkavu.

Jana, kama mnavyojua, mwili ulitarajiwa saa nne asubuhi, gari likapasuka tairi kwenye mteremko wa Boterekwa, likafika saa kumi jioni. Tulipoweka jeneza sebuleni, chumbani kwa mama akatoka mtu aliyevaa koti la baba la halmashauri na kofia yake, ameshika spana yake ya bomba, akaligonga jeneza kwa spana hiyo. Alikuwa Bibi Muchaneta.

"Dzingai! Hizi ndizo saa za kufika? Sadza imepoa, watu wamechoka kukaa, bwana mkubwa ndiyo kwanza anaingia! Na ndiye huyu aliyemcheka mwanangu kwa kuchelewa!"

Mama yangu alicheka mpaka akashikiliwa. Bibi Muchaneta akangoja nyumba itulie, akaweka mkono juu ya mbao, akasema, "Haya, nenda. Ukimkuta Tafara amelala, mwache alale."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kuchota maji, mafundi wenzake wa halmashauri waliochimba kaburi, na dereva wa gari la maiti, ambaye ameomba radhi tangu jana na ambaye sasa tunamwomba anyamaze, kwa sababu tairi lake limetufaa.

Baba, umechekwa. Lala, hakuna atakayekuamsha.