Ambulensi Moja, Jibu Hakuna

Juu kidogo ya Sigowet, pale barabara ya lami inapopinda ianze kuteremka, kuna kituo cha kununulia majani chai. Mkabala na kituo kuna kibanda cha Molly, na mbele ya kibanda kuna benchi, ubao wa bodi ya lori kuukuu uliopigiliwa juu ya magogo mawili ya mkaratusi. Hapo utaona ajabu ya pande hizi: watu waliozaliwa katikati ya chai, wakailima, wakaichuma, wakasomeshwa nayo, wanaketi kunywa kahawa ya Kipkelion. Ukiwauliza sababu, watakwambia chai ni kazi, na mtu hanywi kazi yake. Ng'ambo ya barabara karani Nyaberi husimama kwenye mizani mchana kutwa akiita kwa sauti, kwa kuwa kina mama hawaiamini karatasi mpaka wasikie kwa masikio yao: "Kumi na tano, toa moja, kumi na nne! Anayefuata!" Watu wa benchi hawaisikii tena sauti hiyo, kama wasivyoisikia mvua ya alasiri juu ya mabati.

Siku hiyo Okoth alifika akaketi bila kusalimia mtu. Okoth ndiye Stimu, maana kazi yake ni kulisha kuni boila ya kiwanda cha chai. Ni mtu wa kutoka ziwani, mcheshi, na akinyamaza watu hudhani kuna matanga.

— Stimu, leo boila imezimika? akauliza Spana. Huyu ni Jairus, fundi wa pikipiki, ambaye hukaa na spana mkononi hata asipokuwa na cha kufungua.

— Ni Amondi, Okoth akasema. Madam wa shule ameniita asubuhi. Anasema mtoto hawezi kuhesabu.

— Ako na miaka ngapi?

— Tano.

— Ah! Tano ni kidogo. Mimi nilianza kuhesabu nikiwa kijana mkubwa, na si unaniona?

— Ndiyo maana naogopa. Ngoja nimalize. Wanasoma wasaidizi wa jamii. Daktari na ambulensi yake, polisi na landrova, watu wa zimamoto na ile gari yao nyekundu. Madam ametengeneza magari na maboksi ya unga, anapanga kwa meza, watoto wanahesabu. Sasa Amondi akiwekewa gari tatu za polisi, anasema mbili. Akiwekewa mbili, anasema moja. Jana akawekewa ambulensi moja, peke yake, hapo mbele ya macho. Akasema hakuna.

— Hakuna?

— Hakuna. Na alikuwa ameishika.

Hata Molly aliyekuwa akisuuza vikombe akaacha.

— Madam anasema Jumatatu nimpeleke apimwe. Waanze na macho. Macho ikiwa sawa, waangalie kichwa.

Neno hilo la mwisho alilisema chini chini, kana kwamba akilitamka vizuri lingekuwa kweli. Mkewe Dorcus alikuwa ameenda soko la Silibwet kuuza omena, dagaa wa ziwani, na Okoth hakuwa amemwambia kitu. Angeanzia wapi? Mtoto wao ni huyo mmoja. Okoth, anayefungua mlango wa boila kwa mkono mtupu, aliogopa, na aliogopa hasa.

Kamishna akakohoa. Huyu ni mzee Kiptanui, mwenye shamba lake la chai hapo nyuma. Hajawahi kuwa kamishna wa chochote, ila aliwahi kuketi karibu na mmoja kwenye mkutano wa hadhara, na tangu siku hiyo hazungumzi, hutoa taarifa.

— Ara, sikiza. Huyo mtoto hana makosa. Zimamoto umewahi kuona hapa kwetu? Wakati posho mill ya Kipchoge iliungua, nani alikuja? Ni sisi na mabeseni. Sasa mtoto anaonyeshwa gari haijawahi kufika, anasema hakuna. Huo ni ukweli. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Hiyo inaingia wapi, mzee?

— Zimamoto inabeba nini? Si maji? Ikishamwaga, itazoa?

Benchi likafikiri, likaona hapo pana jambo.

— Lakini polisi wako, Spana akasema. Hao huja hata bila kuitwa. Mbona nao anapunguza? Hapana, hii ni plagi. Injini ya pistoni nne, plagi moja ikikufa, gari inatembea, lakini inatembea na tatu. Amondi anawaka, ila kuna moja haichomi.

— Mtoto si gari, Molly akasema.

— Nani amesema ni gari? Shida ni babake. Anatoka kwa boila na moshi kwa nguo, anafika nyumbani anambeba mtoto, moshi inaingia kwa plagi.

Okoth hakutaka, lakini alijikuta amenusa mkono wa shati lake.

— Wasee, mnaongea mambo ya kitambo, akadakia Ndege. Jina lake ni Calvince, mwendesha boda, na hajawahi kushuka kwenye pikipiki yake kuja kuketi. Hunywa kahawa akiwa juu yake. Hiyo ni network, Ndege akaendelea. Si mliona ile busta ya simu wameweka kule juu? Mawimbi inapita kwa vichwa za watoi kabla ifike kwa simu. Inakata moja njiani. Hata bando zangu hupotea hivyo hivyo. Nanunua kitu kamili, napata imepungua.

— Wewe bando zako zinaisha kwa video, Molly akasema.

— Nyamazeni, Kamishna akaamuru. Hii ni mila. Sisi Kipsigis hatuhesabu watoto wala ng'ombe. Ukiniuliza ng'ombe yangu ni ngapi, nitakuambia ziko. Ukinisukuma sana, nitataja, lakini nitapunguza.

— Hata kwetu watoto hawahesabiwi, Okoth akakubali polepole.

— Unaona! Mtoto amezaliwa kwenu, na mchana anakaa na mama Janeffer, mtu wa huku. Makatazo ya makabila mawili kwa kichwa moja kidogo! Ndiyo walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Nani amepona?

— Bado.

— Mimi naona ataingia siasa, Ndege akasema. Mtu anaona gari tano, anatangaza nne. Ile ingine imeenda wapi? Msiulize. Huyo ni mheshimiwa tayari.

— Dawa iko, Kamishna akaendelea, na sasa alikuwa amesimama. Mtoto aone zimamoto ya ukweli, kwa macho. Tuwashe moto kidogo hapa, mahali haina hasara kubwa, tuite gari. Ikifika, anahesabu, kwisha.

— Mahali gani haina hasara kubwa? Molly akauliza.

Kamishna akakitazama kibanda, akamtazama Molly, akaketi.

Okoth hakucheka. Siku nyingine angekuwa wa kwanza kuleta kiberiti. Alikuwa akiikodolea macho kahawa yake iliyopoa, akiwaza namna mtu anavyomwambia mama habari ya mtoto wake.

— Baba Amondi.

Akainua kichwa. Alikuwa Madam Chelimo mwenyewe, mwalimu wa PP1, darasa la chekechea, na kikapu begani. Hajamaliza muhula tangu aje kutoka Fort Ternan, kwa watu wa mahindi na miwa, jirani na Kipkelion, na kahawa ya Molly ndiyo kitu pekee hapa kinachomkumbusha kwao.

— Madam, karibu. Kuna ingine tena?

— Hapana. Nimeshindwa tu kutulia. Nilikuona vile ulitoka asubuhi. Nikasema kabla umpeleke, nimjaribu mara moja tu mahali amezoea. Yuko wapi?

Alikuwa ng'ambo, pale anapokuwa kila alasiri mamake akienda soko, juu ya rundo la magunia, miguu ikining'inia, karibu na mizani. Mama Janeffer alimshika mkono wakavuka barabara, gunia lake tupu likiwa limekunjwa kwapani, kwani majani yake yalikuwa yameshapimwa.

Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lipigiliwe, wote waliinuka kupisha. Madam akatoa maboksi yake akayapanga juu ya ubao: ambulensi yenye msalaba wa rangi ya kucha, landrova ya polisi, gari jekundu la zimamoto, lori la taka, na pikipiki ya mhudumu wa afya.

— Amondi, wasaidizi wa jamii wamekuja. Wamekuja na magari ngapi?

Mtoto akaligusa kila moja kwa kidole, bila haraka, midomo ikicheza bila sauti. Hakuruka hata moja. Watu wazima wote walihesabu naye kimoyomoyo, hata Ndege, aliyekuwa ameshuka kwenye pikipiki.

— Nne, Amondi akasema.

Kamishna akafungua mdomo atoe methali, Molly akamkanyaga mguu.

Kwa kuwa hakutaka kuuona uso wa Madam, Okoth alibaki akiitazama midomo ya binti yake. Na ng'ambo Nyaberi akaita: "Ishirini na mbili, toa moja, ishirini na moja! Anayefuata!" Midomo ya Amondi ilikwenda naye neno kwa neno, kama mtu anayefuata wimbo wa kanisani.

Okoth akachuchumaa mbele ya mtoto.

— Mama, hizi ni nne?

— Eeh.

— Umegusa hii, na hii, na hii, na hii, na hii. Sasa ile ingine umepeleka wapi?

Amondi akamtazama kwa huruma.

— Hiyo ni ya gunia.

Okoth akasogea karibu zaidi.

— Gunia gani?

— Ya Karani. Ukimaliza kuhesabu unatoa moja ya gunia. Madam alisema tufanye kama wasaidizi wa jamii. Karani anasaidia kogo, akasema, akimwonyesha mama Janeffer, ambaye humwita nyanya kwa Kikipsigis kama watoto wengine wote wa pale.

— Na usipotoa ya gunia?

— Tano.

— Na ile ambulensi moja ya jana?

— Ni moja. Ukitoa ya gunia, hakuna.

Wa kwanza kucheka alikuwa mama Janeffer, kicheko cha kushika kiuno. Kisha benchi zima. Spana akatandaza spana zake zote chini kama mtu aliyepagawa.

— Na hizi, Amondi?

— Saba. Ya gunia. Sita.

— Kichwa iko! Spana akapiga kelele. Plagi zote zinachoma!

Madam Chelimo alikuwa ameketi, kiganja usoni, mabega yakitikisika.

— Kutoa hata sijawafundisha, akasema alipopata sauti. Anahesabu, anatoa, na mimi nataka apimwe macho! Baba Amondi, nisamehe. Jumatatu mlete darasani tu. Nitamwambia magari hayana gunia.

Okoth alikuwa tayari amesimama. Alikuwa amemwinua mtoto, amemkumbatia pamoja na moshi wake wote wa boila, anacheka na machozi yanamtoka, na hakujali nani anamwona. Jioni angemwambia Dorcus, na angemwambia kama kichekesho, na Dorcus angemlazimisha arudie.

— Si nilisema? Kamishna akatamba. Nilisema mtoto hana makosa.

— Ulisema tuchome kibanda yangu, Molly akamjibu, na akawamiminia wote kahawa iliyobaki, hata ambao hawakuomba.

Wakanywa kwa raha ambayo benchi lile lilikuwa halijaiona kwa muda. Madam akapuliza kikombe chake, akatazama ng'ambo, akasema tu kama mtu anayepiga soga:

— Mimi ni mtu wa miwa, mambo ya chai sijui. Lakini gunia tupu, lenyewe, huwa ni kilo ngapi?

— Moja, Kamishna akasema mara hiyo.

— Mlipima?

Kamishna akamtazama Spana. Spana akamtazama Ndege. Ndege akatazama tangi la pikipiki yake. Mama Janeffer akalitoa gunia lake kwapani, lile la nailoni, akalining'iniza kwa vidole viwili, na upepo mdogo uliokuwa ukipita ukalichukua ukalichezesha.

— Noma, Ndege akasema taratibu.

Watu wakamngojea Kamishna atoe methali. Alitafuta. Uliona kabisa anatafuta, macho juu, kidole hewani, lakini wahenga wote walikuwa wametoka siku hiyo. Molly akainamisha birika ampe muda, birika likatoa tone moja la machicha. Ng'ambo sauti ikaja, na safari hii kila mtu aliisikia: "Kumi na nane, toa moja, kumi na saba!"

Mzee akaweka kikombe chini. Akamwomba mama Janeffer gunia, akalikunja, likatoshea kwenye mfuko wa koti.

— Amondi, lakwet, mtoto wetu, kuja, akasema. Hapa sisi wote hatujui kuhesabu. Twende ukatusomee mizani.

Mtoto akateleza kutoka mikononi mwa babake, akamshika mzee kidole, na benchi zima likafuata nyuma, Okoth akiwa wa kwanza, ingawa hana hata mche mmoja wa chai. Katikati ya barabara Amondi akasimama.

— Tukipima gunia peke yake, tutatoa ya gunia?

Kamishna akamwangalia Madam. Madam akamwangalia Okoth. Lori la majani likapiga honi likitaka kupita, na bado walikuwa wamesimama pale.