Mzee Adolf Rusimbi, Fundi wa Makabati Yenye Tumbo (1954–2024)

Tarehe 9 Machi 1954, siku ya Jumanne, mvua ya mawe ilinyesha Kalinzi tangu saa tatu asubuhi. Mama yake alikuwa akitoka kupalilia maharage, uchungu ukamkuta njiani, akajisitiri kwa jirani. Hapo ndipo Adolf alipozaliwa, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Rusimbi na Bibi Veronika. Mama yake alikuwa akisema kuwa mawe yalipiga bati kwa kishindo hata hakuna aliyesikia kilio cha kwanza cha mtoto, na kwamba tangu hapo hakuwa mtu wa kupaza sauti.

Alisoma shule ya msingi hapo Kalinzi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akamaliza darasa la saba. Hakupata nafasi ya kuendelea. Mwaka 1971 alipokewa katika karakana ya misheni kujifunza useremala. Miezi minne ya kwanza hakuruhusiwa kugusa msumeno. Kazi yake ilikuwa kunoa randa na patasi za wenzake na kufagia. Alivumilia. Alipomaliza mwaka 1974 aliweza kuunganisha mbao mbili pasipo msumari, na ukipitisha ukucha kwenye kiungo hukuhisi kitu.

Alihamia Kigoma mjini mwaka 1976, akafanya kazi kwa watu hadi mwaka 1983 alipofungua karakana yake Mwanga, nyuma ya soko.

Tarehe 12 Septemba 1981 alifunga ndoa na Skolastika, binti wa Kasulu, wakajaliwa watoto watano. Samani zote za nyumba yao ya Katubuka alizitengeneza mwenyewe. Jina lake lilipokwisha kuvuma, Mama Skolastika alimuuliza kwa nini makabati ya watu yana siri na la kwake halina. Alimjibu kuwa katika nyumba hii mwenye kutafuta kitu aulize.

Siri zenyewe zilianza mwaka 1994. Mzee mmoja aitwaye Ndayikeza, aliyekuwa amevuka mpaka wa Burundi kwa miguu pamoja na watoto wake, alikuja Mwanga kuomba kabati dogo la vitabu lenye mahali pa kufichia vyeti vya watoto, kwa kuwa ndicho kitu pekee walichofika nacho. Mzee Adolf alifikiri siku mbili, kisha akaacha nafasi ndani ya kitako cha kabati, nyuma ya ubao wa mbele. Watu wakapaita tumboni. Baada ya hapo wakaja wengine: walimu, mashekhe, wauza vitenge, kila mmoja akitaka kabati lenye tumbo, wala hakuna matumbo mawili yaliyofunguka kwa namna moja.

Alikuwa na utaratibu wake. Siku ya kukabidhi kabati alifunga mlango, akamfundisha mwenye kabati peke yake namna ya kulifungua, kisha akaomba maji na kunawa mikono mbele yake. Akisha kunawa alisema, “Nimenawa.” Maana yake, tangu hapo hajui kitu. Kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kumtoa neno, hata kwa utani. Vijana wa sokoni walimtania kwamba siku akifa nusu ya vyeti vya Kigoma vitafuatana naye. Alicheka, akaendelea kupiga randa.

Mwezi Februari mwaka huu alianza kusumbuliwa na maumivu ya kiuno. Vipimo vilionyesha saratani ya tezi dume iliyokwisha kuenea. Alitibiwa hapa mjini, akapelekwa pia Mwanza, akarudi mwezi Mei na kuomba asisafirishwe tena. Alifariki nyumbani kwake Katubuka, Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa ameshika mkono wake. Alikuwa na umri wa miaka sabini.

Ameacha mjane, Mama Skolastika, watoto wanne, Diana, Thobias, Catherine na Elikana, wajukuu tisa, na mdogo wake, Recho. Mwanawe Leodgar alimtangulia mwaka 2009.

Lipo jambo moja la siku zake za ugonjwa ambalo Bi Shadia wa Ujiji, aliye pamoja nasi hapa, ameomba lisimuliwe, na familia imekubali.

Mumewe, marehemu Mwalimu Hamduni, alitengenezewa na Mzee Adolf kabati kubwa la vitabu mwaka 2003. Mwaka jana Mwalimu alipata kiharusi kilichomnyang'anya maneno. Kwa siku tatu alilielekezea kabati kidole cha mkono wa kushoto. Wakadhani anataka kusomewa, wakashusha vitabu kimoja kimoja, naye akatikisa kichwa mpaka akafariki. Baadaye ndugu yake Mwalimu alidai kuwa nyumba ni ya ukoo. Bi Shadia alijua ilinunuliwa kwa jina lake yeye mwenyewe, lakini karatasi ya mauziano haikuonekana, na kwa kuwa mirathi ilikuwa haijagawanywa alikatazwa kuvunja chombo chochote. Baraza la ardhi lilimpa hadi Ijumaa tarehe 19 Julai alete karatasi. Akishindwa, angehama.

Jumatano ya wiki hiyo alikuja Katubuka. Alimkuta Mzee Adolf uani, kwenye kiti chenye mito, akamwamkia na kumweleza yote, pamoja na habari ya kidole. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

“Mama, unisamehe,” akasema. “Mimi nilinawa.”

Bi Shadia alilia kidogo, akajifuta, akaaga bila kunywa chai aliyoandaliwa.

Jioni, alipokuwa akimlisha uji, Mama Skolastika alimuuliza.

“Baba Diana, hivi yule Mwalimu alikuwa anaonyesha nini kwa kidole?”

“Sijui.”

“Unajua. Alikuwa anamwambia mkewe, akakosa mdomo. Ahadi ameivunja mwenyewe, kwa mkono wake wa kushoto. Kilichobaki ni wewe kummalizia sentensi.”

Mzee aligeuza uso, akakataa kijiko kilichofuata. Mama Skolastika anasema kwamba muda mrefu baadaye alimsikia akisema polepole, kama anayepima ubao, “Ningeujua ule ubao hata nikiwa kipofu.”

Kesho yake asubuhi aliomba maji ya kuoga na shati jeupe. Alikuwa na wiki tatu hajavuka mlango wa ua. Diana alimpakia kwenye bajaji, wakaenda Ujiji mwendo wa taratibu, wakisimama kila maumivu yalipozidi. Alipofika aliomba sebuleni abaki Bi Shadia tu, na Diana wa kumshikilia. Hakuligusa kabati. Aliomba kiti chake kigeuzwe kielekee ukutani, akafumba macho, kisha akaanza kumwelekeza: rafu ya pili kutoka chini, iinue upande wa kulia, unene wa kidole. Ivute kwako. Sasa bonyeza kitako pale kwenye kifundo cha mti.

Ukasikika mlio mdogo wa ubao ukiachia, halafu mchakarisho wa karatasi. Bi Shadia alisoma jina lake kwa sauti mara mbili.

Mzee Adolf hakugeuka.

“Mchwa wameingia?” akauliza.

“Hapana, Mzee. Pakavu kabisa.”

“Basi, Diana, nirudishe nyumbani.”

Bwana amlaze taratibu, apumzike katika amani isiyo na mwisho. Amina.